Mita Kumi na Nne

Mita ya kumi na nne katika mtaa ule ilikuwa ya nyumba yenye geti la bluu, na hapo ndipo Mama Mita aliposimama. Hakusimama kwa kupenda. Shavu la mguu wake wa kushoto lilikuwa limekaza kama kamba iliyoloweshwa ikaanikwa juani, na hatua ya mbele haikutaka kwenda. Basi akafanya kama alivyofanya kila siku tangu mwaka uanze: akainama, akafunua mfuniko wa chuma, akaangalia namba alizokwisha kuziandika, akajitia anazisoma upya. Halafu akageukia ukuta, akawasha sigara.

Alikuwa na miaka hamsini na saba. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza akitembea nyumba kwa nyumba na daftari la idara ya maji, akiandika nani ametumia maji kiasi gani. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye karatasi ya mshahara tu. Mitaani aliitwa Mama Mita, na watoto waliomwona kwa mbali walipiga kelele, "Mama Mita huyo, fungeni bomba!" utadhani bili ilikuwa inatoka mfukoni mwake.

Sigara ile aliiita dawa. Tusimcheke mapema. Mguu ukiuma, alisimama, akavuta. Sigara ikifika nusu, maumivu yamekwisha. Akaizima kwa ncha ya kiatu cha kulia, akatupia peremende mdomoni, akaendelea na safari. Mara tisa au kumi kwa siku, bila kukosa hata mara moja. Wewe ukitumia kitu na maumivu yakaondoka kila siku ya Mungu, utakiita nini? Kwamba yangeondoka vilevile kama angesimama mikono mitupu akihesabu mawingu, hilo hakuwahi kulijaribu. Msoma mita asimame barabarani bila sababu, watu wamwone?

Geti la bluu likafunguka kwa kishindo. Mwenye nyumba alitoka na ndoo, akaweka mkono kiunoni.

"Mama Mita, mita yangu unaisoma mara ngapi? Mwezi uliopita ulikaa hapohapo, bili ikaja imevimba."

"Kioo kina ukungu, mama. Namba hazionekani."

"Kioo kina ukungu au wewe una lako? Na huo moshi?"

"Moshi gani?" aliuliza Mama Mita, sigara ikiwa nyuma ya mgongo wake inamuunguza kidole.

Aliondoka akiwa amemeza aibu yake nzimanzima. Zamani alipiga mita thelathini bila kusimama. Mwaka jana zikawa ishirini. Sasa kumi na nne, hazizidi. Hesabu hiyo aliijua kuliko namba ya simu yake, na hakumwambia mtu, maana msoma mita asiyeweza kutembea hana kazi, naye hakuwa na nia yoyote ya kukosa kazi.

*

Aliyemgundua alikuwa mumewe, na alimgundulia kwenye viatu.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa nyumba yao, na wote walimwita Fundi, hata mkewe. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Jumamosi ile alichukua viatu vya kazi vya mkewe avitie soli mpya, akavigeuza, akavitazama mpaka gundi ikaanza kukauka kwenye brashi.

"Mke wangu, hebu njoo."

"Nina kazi jikoni."

"Kazi itakungoja. Njoo." Alivipanga viwili juu ya goti. "Kisigino cha kulia kimekwisha. Cha kushoto kizima, kama nimekibandika jana. Miezi mingapi hii huukanyagii mguu wa kushoto?"

"Barabara imeinama."

"Zote?"

Mkewe akageuka kurudi jikoni.

"Vua soksi."

"Fundi, watu wanapita."

"Wapite. Vua."

Alivua. Kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto palikuwa na kidonda, si kikubwa, kama punje ya hindi, lakini kingo zake zilikuwa nyeusi na hapakuwa na dalili ya kupona. Mguu wenyewe ulikuwa wa baridi, na jua lote lile.

"Cha lini hiki?"

"Juzi."

"Juzi ya lini?"

"Mwezi uliopita," alisema mkewe, akitazama pembeni.

Fundi aliona haya kupita kiasi. Viatu vile alivishona mwenyewe, kwa mkono, akajigamba kwa wateja kwamba mke wake havai vya dukani. Na mshono uliobana kidole kile ulikuwa wake. Alikaa na kiatu mkononi asijue akiweke wapi.

Binti yao, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na bado anaishi nao, alitoka ndani na rundo la madaftari ya kusahihisha. Aliona mguu, akayaweka chini.

"Mama! Ndiyo maana nyumba nzima inanuka dawa ya kuchua! Mimi nasema kila siku, kaa. Pumzika. Umri umekwenda."

"Umri wa nani?"

"Wako, mama."

"Wangu uko palepale nilipouacha. Mguu ndio umechelewa."

"Jumatatu unakwenda kwa daktari wa idara," alisema Fundi, "au viatu hivi sivitii soli." Kwa Fundi hiyo ilikuwa hotuba.

*

Daktari wa idara ya maji alikuwa kijana mwenye wagonjwa arobaini mlangoni na kalamu isiyoandika vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilimgharimu mwingine.

Alibonyeza juu ya unyayo wa kushoto kwa vidole viwili, akatafuta, akahama, akatafuta tena. Alikunja uso.

"Mapigo siyapati hapa. Mguu unauma wakati gani?"

"Nikitembea. Nikisimama unaacha."

"Usiku ukilala?"

"Silalamiki usiku."

"Damu haifiki vizuri. Mishipa inayoipeleka chini imeziba." Alivuta fomu. "Unatembea mita ngapi kabla haujaanza kuuma?"

Hapo ndipo neno moja lilipomponza. Kwa kijana yule, mita ilikuwa kipimo cha umbali: sentimita mia moja, basi. Mama Mita kwa miaka ishirini na miwili hakuwa amelitumia neno hilo kwa kitu kingine chochote zaidi ya kile chombo cha shaba chenye kioo kinachokaa chini ya mfuniko. Alifurahi hata. Hatimaye kuna mtu anauliza swali la maana.

"Kumi na nne," alisema.

Daktari aliinua kichwa. "Kumi na nne tu?"

"Kumi na nne, Daktari. Zamani thelathini."

"Na bado uko kazini?"

"Na sijawahi kuacha hata moja."

Kijana alimtazama kwa huruma ambayo Mama Mita aliiona asiielewe. Kutoka meza ile hadi mlango wa nje zilikuwa mita kumi na nne hivi. Akaandika: umbali wa kutembea, mita 14, kidonda kisichopona, hafai kwa kazi ya kutembea. Kwenye karatasi nyingine, ya kwenda hospitali kuu, aliandika maneno mengi ya kitaalamu na mwisho mstari mmoja wa lugha ya kawaida. Kila karatasi akaitia bahasha yake.

"Pole sana, mama," alisema.

"Ahsante," alisema Mama Mita, akashangaa pole yote hiyo ya nini.

*

Mkuu wa wasoma mita aliitwa Kalamu kwa sababu hakuwahi kuonekana bila tatu kwenye mfuko wa shati, na kwa sababu aliamini kwamba kisichoandikwa hakipo. Alimwita Mama Mita ofisini siku ya Alhamisi. Hakumkaribisha kiti; halafu akakumbuka mguu, akamkaribisha kwa fujo, akimsukumia kiti mpaka kikamgonga goti.

"Kaa, kaa! Usisimame, tafadhali. Mita kumi na nne! Na wewe umetuficha!"

"Sijaficha kitu, Mkuu. Kazi yangu iko kamili."

"Idara inakustaafisha kwa sababu za afya. Kamati itakaa baada ya miezi mitatu kuthibitisha. Mpaka wakati huo pumzika. Nyoosha mguu." Alinyoosha mkono. "Daftari."

"Nimebakiza miaka mitatu."

"Daftari, mama."

Lilikuwa daftari la jalada gumu, pembe zake zimeliwa na jasho lake. Alilitoa kwenye mkoba, akalishika, na kwa muda wote wawili walilishika kama watoto wanaogombea mwanasesere. Kalamu ndiye aliyevuta. Karani wa meza ya jirani alijifanya anatafuta kitu chini.

Nyumbani bahasha ya pili, ile ya hospitali kuu, ilifunguliwa na binti, kwa sababu ndiye aliyeyazoea maandishi mabaya. Alisoma kimya, kisha akakaa.

"Inasema nini?" aliuliza Fundi.

"Inasema..." Aliurudia mstari wa mwisho. "Wamwangalie haraka. Huenda ikabidi wakate."

"Wakate nini?" aliuliza Mama Mita.

"Mguu, mama."

Fundi alisimama, akatoka kwenda kibandani, akarudi bila kuleta kitu. Binti alilia, na katikati ya kilio akaanza kupanga: kitanda kihamishiwe chumba cha mbele, mama asiende tena sokoni, yeye ataomba kufundisha darasa la jioni. Alisema yote hayo kwa upendo, na kila neno lilikuwa linamzika mama yake akiwa hai.

"Maliza," alisema Mama Mita. "Umemaliza? Sasa nisikilize. Mguu huu nimekuja nao duniani. Anayeutaka aje auombe uso kwa uso, aniambie sababu, nami nimsome macho. Kwa barua siutoi."

*

Daktari bingwa wa mishipa ya damu kwenye hospitali kuu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Aliwaamkia Mama Mita na Fundi, "Shikamoo, mama. Shikamoo, baba," akasoma barua, akamtazama mgonjwa, akasoma tena.

"Panda kitandani. Tutapima kabla hatujaamini chochote."

Alifunga mkanda wa kupimia presha mkononi mwa Mama Mita, akapaka ute baridi, akagusisha kifaa kidogo kama kalamu nene. Chumba kikajaa sauti: fyu, fyu, fyu.

"Hiyo ni damu yako," alisema.

"Ina kelele," alisema Fundi, kwa heshima.

Mkanda ulijaa upepo, sauti ikafa. Upepo ulipotolewa polepole sauti ikarudi. "Mia moja na hamsini," alisema daktari. Akaufunga kwenye kifundo cha mguu wa kulia: mia moja na thelathini. Kisha wa kushoto. Hapo sauti ilikuwa dhaifu, ikijikokota, na mshale ulishuka sana kabla haijasikika. "Tisini," alisema daktari akiandika.

"Tisini na sita," alisema Mama Mita.

"Samahani?"

"Sauti imerudi mshale ukiwa kwenye tisini na sita. Umeutazama kwa pembeni. Mshale unatazamwa usoni."

Bingwa alirudia. Ilikuwa tisini na sita. Akafuta, akaandika upya.

"Kwa hiyo presha ya juu mia na hamsini, ya chini tisini na sita," aliendelea Mama Mita, na sasa alikuwa ameketi wima kitandani. "Bomba lina kutu katikati. Tunaona hivyo mitaani. Nyumba ya kwanza maji yanaruka, ya mwisho yanadondoka."

"Sijawahi kueleza vizuri hivyo mwenyewe," alisema daktari. "Mafuta na magamba yameota ndani ya mshipa. Ukikaa, damu inayopita inatosha. Ukitembea, msuli unataka zaidi, haipati, unalia. Ukisimama, deni linalipwa." Alichukua tena barua. "Lakini hii siielewi. Vipimo vyako ni vya mtu mwenye shida, si vya mtu wa kukatwa. Umekuja na gari mpaka mlangoni?"

"Tumetembea kutoka geti kuu."

"Umesimama mara ngapi?"

"Mbili."

"Kutoka geti kuu mpaka hapa si chini ya mita mia nne!"

Mama Mita alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mia nne wapi? Nimepita mita moja tu, ile ya ukuta wa jikoni. Na kioo chake kimepasuka, waambieni."

Fundi ndiye aliyeelewa kwanza. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mke wangu. Alipokuuliza mita ngapi, ulimjibu mita za nini?"

"Za maji! Za nini nyingine? Mimi nasoma..." Akaliona neno lile likimgeukia, upande wa pili ukiwa mpya kabisa. "Mungu wangu. Kijana yule alifikiri mita za rula."

Bingwa alicheka mpaka akavua miwani. Fundi alicheka pia, machozi yakimtoka, na hakuna aliyejua ni ya kicheko au ya nini. Mama Mita hakucheka. Hasira ilimpanda kutoka kwenye kile kidole kibovu hadi utosini. Wiki mbili hizi alikuwa akiamka asubuhi na kitu cha kwanza kukigusa ni mguu, kuona kama bado upo.

"Nyumba hadi nyumba ni umbali gani?" aliuliza daktari, akijifuta.

"Viwanja vya kule ni mita kumi na mbili. Za rula."

"Basi ni kama mia moja sitini na kitu. Hiyo inaendana na vipimo. Mguu huu haukatwi, mama. Sasa swali lingine. Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Anavuta," alisema Fundi.

Mkewe aligeuka kama amepigwa kofi. Fundi alikuwa anaitazama sakafu.

"Soli ya kulia, hapa mbele, ina madoa ya moto. Kila nikibadilisha, yanarudi. Miaka mingi."

"Miaka mingi na hukusema?"

"Ulikuwa unanunua peremende nyingi hivyo," alisema Fundi. "Niliona unataka nisijue."

Ndipo alipolazimika kueleza habari ya dawa: kwamba sigara ndiyo inayoutuliza mguu, kwamba bila hiyo asingefika mwisho wa mtaa. Daktari hakumgombeza. Alifungua mlango.

"Korido hii ina mita hamsini, za rula. Tembea uende urudi mpaka mguu uanze kuuma. Ukiuma simama, mikono mitupu. Baba ashike saa."

Alikwenda, akarudi, akamaliza safari ya tatu, na katikati ya ya nne akashika ukuta. Wauguzi walipita na vitoroli. Hakuwa na mfuniko wa kufunua wala kiberiti cha kuwasha. Alisimama tu, mwanamke mzima, katikati ya korido. Dakika moja. Dakika moja na nusu.

"Sasa?" aliita daktari.

Maumivu yalikuwa yameondoka. Yameondoka yenyewe, bure, bila kuvutiwa chochote. Mama Mita aliinamisha kichwa akalia kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa na rafiki. Kitu alichokiita dawa ndicho kilichokuwa kinaziba bomba. Alitoa pakiti kwenye sidiria, akampa mumewe mbele za watu.

Masharti yaliandikwa kwenye karatasi moja. Sigara, hata moja, kwaheri. Vidonge viwili kila siku, kimoja cha kulainisha damu, kingine cha kupunguza mafuta. Kidonda kisafishwe na kufungwa, kila wiki kionyeshwe. Viatu vipana, miguu peku marufuku hata ndani. Kidonda kikifunga, atembee: mpaka mguu umuume hasa, asimame mpaka uache, atembee tena, nusu saa na zaidi, siku nyingi kadiri awezavyo.

"Si nipumzike?"

"Ukipumzika mguu utasinyaa. Ukitembea, vimishipa vidogo vya pembeni vinapanuka, damu inapata njia ya kuzunguka. Kutembea ndiyo dawa."

Mama Mita aliikunja karatasi kwa uangalifu. "Daktari," alisema, "hiyo uliyoniandikia hapa ni kazi yangu."

*

Fundi alishona viatu vipya kwa siku nne na kuvivunja mara mbili. Vilikuwa vipana mbele, vibaya kwa sura, kama mikate, na ndani havikuwa na mshono hata mmoja. Wiki ya tatu kidonda kilifunga.

Sigara ilikuwa mbaya zaidi ya mguu. Aligombana na redio, aligombana na kijiko. Binti alisema ni heri avute moja, Fundi akasema hapana, na peremende zikaliwa kilo kwa kilo bila kuficha kitu.

Kila asubuhi alitoka kwenda mitaa yake ya zamani. Binti alimfuata hadi mlangoni na kiti cha plastiki. "Chukua basi hata hiki, mama."

"Nikitembea na kiti nitaonekana nauza viti."

Lakini mazoea yana nguvu. Mguu ulipouma, mkono ulitafuta mfuniko wenyewe. Siku moja aliinama kwenye geti la bluu, na mwenye nyumba akatoka.

"Wewe si wamekufukuza kazi? Mita yangu unaitafutia nini?"

Majirani wawili walichungulia. Mama Mita alirudisha mfuniko, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na viatu vile havikuwa na kamba. Alirudi nyumbani uso umewaka. Hata hivyo siku ya pili alitoka tena, na ya tatu, na Fundi alianza kuviona visigino vyote viwili vikilika sawa, akafurahi kuliko siku aliyofungua kibanda.

*

Kamati ilikuwa Kalamu na daktari wa idara, meza moja, na fomu katikati. Mama Mita aliweka barua ya bingwa juu yake.

Kalamu aliisoma, akaisogeza kando kwa kidole kimoja. "Barua nzuri. Lakini fomu ya idara inasema mita kumi na nne, na imesainiwa. Hatuwezi kuifuta kwa barua ya nje."

"Nilimuuliza, akajibu mwenyewe," alisema daktari kijana, masikio yameiva kwa aibu.

"Uliuliza mita, nikakupa mita," alisema Mama Mita. "Nimeshaeleza kwa mdomo, nimeeleza kwa barua. Sasa stoo kuna lile gurudumu la kupimia mitaro ya mabomba. Lileteni."

"Utaratibu hauruhusu..."

"Mkuu, utaratibu gani unaopima mtu amekaa kwenye kiti? Lileteni, au nakwenda kulitoa mwenyewe. Stoo naijua kuliko wewe."

Karani wa meza ya jirani, bila kuagizwa, alikwisha kunyanyuka. Alirudi na gurudumu lenye mpini mrefu na kidirisha cha namba, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake.

Mama Mita alisukuma namba zikawa sifuri zote, akatoka. Wao walifuata, wafanye nini. Hata kwenye geti la idara walikuwa hawajafika aliposimama na kugeuka.

"Someni hapo."

Kalamu aliinama. "Kumi na nne."

"Kumi na nne. Daktari, ndipo uliponikatia mguu." Akaendelea kwenda.

Alipita hamsini, alipita mia. Daktari kijana alikuwa anatazama hatua zake tu. Walikata kona, wakaingia mtaa wake wa zamani, jua liko utosini. Mia moja sitini na nane ilipopita alitaja namba hiyo kwa sauti, akalipiga gurudumu kofi dogo kama mtu anayemsifu punda. Mia mbili. Mia mbili na hamsini. Kalamu alilegeza tai, akafungua kifungo cha kwanza, kalamu zake zikianza kuteleza kwa jasho. Kwenye mia tatu na kumi na mbili, shavu la mguu likakaza.

Walikuwa mbele ya geti la bluu. Mfuniko ulikuwa hatua mbili kutoka kwake, na mkono wake uliujua. Mwenye nyumba alikuwa anafagia nje.

"Mama Mita! Na leo kioo kina ukungu?"

Aliunyoosha mgongo. Mikono yote miwili aliiacha juu ya mpini, watu waione.

"Sisomi kitu," alisema, na sauti yake ilifika hadi nyumba ya mwisho. "Nimesimama kwa sababu mguu unaniuma. Mishipa imeziba. Ukiacha kuuma nitaendelea."

Mwenye nyumba alibaki na ufagio hewani. "Pole, mama," alisema baadaye, na alimaanisha. "Nikuletee maji?"

"Mletee Mkuu."

Kalamu alikuwa ameegemea ukuta, anahema. "Kwa hiyo... umeshindwa kuendelea," alisema, akitafuta kalamu.

"Tazama saa."

Walisimama wote, barabarani, bila kazi yoyote mikononi. Daktari kijana alitazama saa. Dakika mbili hazijatimia, Mama Mita alisukuma gurudumu mbele, hatua moja, mbili, tano.

"Imetosha, mama," alisema daktari. Alimsogelea Kalamu, akachukua fomu, akalikata lile kumi na nne kwa mstari mmoja na kutia saini yake pembeni. "Kosa lilikuwa langu. Nilipaswa kuuliza za nini."

Kalamu alipangusa uso. Kisichoandikwa hakipo, na sasa kilikuwa kinamngoja aandike. "Niandike ngapi?"

"Mia tatu na kumi na mbili. Na uandike ni mita za barabarani, asije mwingine akakosea." Mama Mita alimnyooshea mkono uliofunguka. "Zile nyingine nipe daftari langu, nikazisome."